Mlango wa Baba Nanyori

Themi, Arusha, masika ya 1993

7 Machi

Nimefika. Binti yangu Nasieku amepasuliwa, mtoto wa kiume yuko hai, na mama yake anatembea ameinama kama mtu aliyebeba ndoo tumboni. Nimekuja kuogesha mtoto na kupika uji. Naandika kwa sababu humu ndani sina wa kusema naye, na mimi nisiposema kitu naumwa kichwa. Kuandika nilifundishwa kwenye kisomo cha watu wazima huko kwetu Olasiti, na mwalimu mdogo kuliko binti yangu. Herufi zangu ni kubwa. Asiyezipenda asisome.

Jambo moja niliweke mapema. Kwetu Waarusha mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaonani uso kwa uso. Hawali pamoja, hawasemeshani, hawaitani majina. Kulala kwenye boma lake ndiyo haisemeki. Lakini mama yake alishakufa, dada zake wameolewa mbali, na hospitali wamemrudisha mwanangu na nyuzi tumboni. Nani aje? Mchungaji amesema Mungu haangalii hayo. Sawa, Mungu haangalii. Wanawake wa Olasiti wanaangalia.

Nalala chumba cha nyuma walichojenga cha mtumishi. Kimeshikana ukuta na banda la gari. Mkwe wangu namwita Baba Nanyori, kwa mtoto wake wa kwanza. Jina lake lenyewe sijalitamka tangu alipoleta posa, na sitalitamka.

8 Machi

Milango ninayoijua hufunguka kwa upande. Wa banda la gari unakwenda juu. Ni bati zito, pana kama ukuta wa nyumba. Unaushika chini, unauinua, unapanda kwenye reli mbili mpaka unalala juu, chini ya paa. Pembeni kuna springi mbili nene kama mkono wangu, na nyaya mbili, wa kulia na wa kushoto, zinapita kwenye vigurudumu na kuubeba. Ulikuja kwenye kontena kutoka Dubai, mtumba kama mashati. Juzi juzi tu tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni, leo mpaka milango inavuka bahari.

Nasieku anasema Themi nzima hakuna mwingine. Baba Nanyori anapeleka watalii mbugani kwa Landrova yake, na wenzake wakija hapa anauinua na kuushusha ili wauone. Fundi Romanus aliyeufunga alimwambia utadumu mpaka Yesu arudi. Romanus anajua sana mipango ya Yesu.

Mlango unalia. Ukipanda unalia kama mbuzi, ukishuka unalia na kubamiza. Mimi umenifaa. Asubuhi akitoa gari nasikia, jioni akirudi nasikia, naingia jikoni na kufunga. Hatujaonana hata unyayo.

11 Machi

Mvua imeanza. Uji, nepi, uji.

15 Machi

Nanyori ana miaka sita na masikio ya mapambo. Leo nimemkuta ananing'inia kwenye mshikio wa mlango wakati baba yake anauinua, ili apande nao. Baba yake anacheka. Nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni, nikauma kitenge. Gari lilipotoka nikamshika yule mtoto sikio nikamwambia akirudia nitamning'iniza mimi kwenye kamba ya nguo.

Halafu nikaingia bandani. Nilikwenda kutafuta jembe, asije mtu akasema nilikwenda kupeleleza. Reli zimejaa vumbi na matope makavu, jinsi lilivyo vumbi letu la Meru, likishika kitu halitoki. Nikazifagia na fagio la chelewa. Nikainua macho. Waya wa kushoto, pale unapopita kwenye kigurudumu, nyuzi zake ndogo zimekatika na kusimama kama ndevu za beberu.

Mimi si fundi. Lakini nimevuta maji kisimani miaka na miaka kwa kamba, na kamba ikianza kuota ndevu hivyo huteremshi tena ndoo. Huku juu si ndoo.

16 Machi

Nimemwambia Nasieku amwambie mumewe. Nimesema wazi, waya wa kushoto unakatika, mlango utaanguka, utaua mtu. Nasieku akasema sawa yeyo, yaani mama, nitamwambia. Namjua huyu. Akisema sawa haraka hivyo, anatafuta namna ya kulipunguza neno.

18 Machi

Kumbe. Alichomwambia mumewe ni kwamba mama anaona mlango una kelele kidogo, mtoto anashtuka. Anasema hakutaka nionekane nakuja kwa watu na kukosoa mali yao. Nimemuuliza kama ni mali yao au ni kaburi lao. Akalia, na mwenye mshono hatakiwi kulia, basi nikampa uji.

Na yule baba wa watu kwa heshima yake amechukua oili chafu na grisi akaupaka mlango wote, reli, springi, vigurudumu, kila kitu. Ili mama mkwe asisumbuke.

Mlango haulii tena.

21 Machi

Aibu. Nimetoka na beseni la maji aliyoogea kichanga, nakwenda kuyamwaga bombani, na Baba Nanyori huyu hapa, hatua mbili, na viatu vya kwendea mjini. Gari lilikuwa limeshaingia na mlango umeshashuka bila hata kukohoa. Mimi nilijua yuko Karatu. Maji yote yakaishia kwenye viatu vyake.

Akageukia ukuta. Mimi nikageukia tangi, nepi mbichi kichwani nimejifunika. Tukasimama hivyo, kila mtu na ukuta wake, mpaka Nanyori akaja akauliza kama tunacheza kombolela.

Jirani yetu Arafa, anayeuza vitenge sokoni, aliona yote juu ya ukuta. Wazazi wake ni watu wa Kondoa. Alikuja akacheka mpaka akakaa chini. Ananiambia, "Bibi, sisi kwetu mkwe ndiye anayetupeleka hospitali. Wewe wako unamwogesha miguu halafu unamkimbia?"

Nikamwambia aende akauze vitambaa.

22 Machi

Sitoki bila kuchungulia. Naishi kama panya.

27 Machi

Mvua kubwa. Wageni wa Baba Nanyori wamepungua, anashinda nyumbani, nami nashinda chumbani. Nimemtuma Nanyori. Nilimkaririsha maneno mpaka akayajua: koko anasema waya wa kushoto umekatika nyuzi, usiutumie mlango. Kwetu koko ndiye bibi. Akaenda mbio akamwambia baba yake, koko anasema mlango umeota ndevu, unyolewe. Nimesikia baba anacheka mpaka anakohoa.

Sikio nililivuta tena, lakini kosa langu. Ndevu nilizitaja mimi.

30 Machi

Sina raha. Nikilala nasikiliza mlango usiolia.

2 Aprili

Nimempata Arafa, maana anaogopa kitu gani yule. Akaenda akamwambia Baba Nanyori neno kwa neno, hakupunguza. Naye hakukataa. Akasema atamwita fundi. Nimemrudishia Arafa heshima yake yote na mayai.

5 Aprili

Romanus amekuja. Niliweka sikio ukutani. Akapanda ngazi, akagonga gonga, akasema nyaya za Dubai hizi, si kamba za katani, kuchanika kidogo ni kawaida, zinakuwa zinazoea mzigo. Halafu akakaza springi zote mbili. Sasa mlango unainuka kwa kidole kimoja, na Baba Nanyori amefurahi kama amenunua mpya.

Kitu kinachokatika amekikaza zaidi. Nilitamani kupiga ukuta ule. Nilikuwa na neno la kumwambia Romanus ambalo angekwenda nalo kwao Krismasi. Lakini alikuwa amesimama na mkwe wangu, nami siwezi kutokea mbele yake. Nikapiga godoro.

6 Aprili

Basi nitafanya langu. Nimeingia bandani gari lilipokwenda mjini. Nimekuta nyuma ya nyumba gogo la mkaratusi lililobaki walipojenga paa, urefu wangu na kidogo. Mlango ameuacha wazi. Nimelisimamisha gogo chini yake, upande wa kushoto, likaubeba. Ukianguka utaangukia mti.

7 Aprili

Ameliondoa, ameliegesha ukutani.

8 Aprili

Nimelirudisha.

9 Aprili

Ameliondoa. Ijumaa Kuu, watu wamekwenda ibadani, nikalirudisha.

12 Aprili

Pasaka imepita. Gogo nimelirudisha, ameliondoa, nimelirudisha. Hii ndiyo mara ya kwanza mimi na yule mtu tunazungumza, na tunazungumza kwa mti. Ajabu ni kwamba nimeanza kumwona mpole. Mwingine angelipasua kuni. Huyu kila siku analiegesha vizuri pale pale, wima, kama kofia ya mgeni.

14 Aprili

Leo nimeona haya ya kweli.

Nimesikia Nanyori analia. Baba yake anamwambia ameshamkataza kucheza na gogo, gari linaweza kuligonga, na akilisimamisha tena atachapwa. Mtoto anaapa si yeye. Baba anasema basi ni nani, mizimu? Na yule mtoto, aliyeniona kwa macho yake nikilibeba, hakunitaja. Alilia tu.

Nikatoka mpaka mlango wa jikoni. Nikashika komeo. Mkono ukagoma. Miaka sitini na kitu mwili umefundishwa kumkwepa mkwe, hauwezi kusahau kwa siku moja. Nikarudi nikakaa kwenye gunia la mahindi. Nanyori akaja nikampa sukari guru yote niliyoficha. Jioni nilimwambia Nasieku amwambie mumewe ni mimi. Nikamwambia akilipunguza hili narudi kwangu leo hii na mtoto atamwogesha mwenyewe.

Hakulipunguza. Nimesikia kule ndani sauti ya mwanamume, ya chini, anauliza, "Mama anabeba gogo lile peke yake?"

15 Aprili

Gogo halijaondolewa.

19 Aprili

Halijaondolewa. Akitaka kushusha mlango analitoa kwa upande, akiuinua analirudisha. Hajui kwa nini, nadhani anaona ni amani ya nyumba. Si kitu. Lirudishwe kwa sababu yoyote. Ameahidi kupitia kwa Nasieku kwamba mvua zikiisha, wageni wakirudi, ataagiza waya mpya. Mvua zikiisha! Nyuzi zimekatika zaidi. Nimewakataza wote kupita chini ya mlango, hata paka.

24 Aprili

Mvua siku nne bila kupumua. Mlima hatuuoni. Nguo hazikauki, nepi nazikausha kwenye jiko la mkaa. Mshono wa Nasieku umepona, ningeweza kuondoka wiki hii. Siondoki. Wananiuliza nasubiri nini, nasema barabara ya Olasiti ina tope.

26 Aprili

Nitaandika polepole.

Asubuhi maji yaliteremka kutoka juu, kutoka kwenye mashamba, yakavunja mfereji wa jirani na kuingia uani kwetu. Matope mekundu mpaka kwenye vifundo. Yakajikusanya mbele ya banda la gari, ndani kuna Landrova, mahema ya watalii na magodoro yao. Baba Nanyori akatoka mbio na koti la mvua. Akauinua mlango ukafika kiunoni ukakwama, matope yameziba reli. Akapiga magoti pale pale chini yake, nusu ndani nusu nje, akaanza kuyakokota matope na jembe ili upande.

Gogo lilikuwa limeelea. Nililiona linazunguka kwenye maji karibu na tangi.

Nilikuwa mlangoni pa jikoni, mtoto mgongoni. Nasieku alikuwa barazani anamwambia mumewe aache, mvua itapungua. Naye anasema subiri, namalizia. Nanyori anamwita baba, anaambiwa subiri. Arafa yuko juu ya ukuta na ndoo kichwani anapiga kelele kuhusu mfereji, naye anaambiwa subiri. Mtu aliyeinama kazini hasikii watu wa nyumbani kwake, anasikia mlio tu.

Mimi nilikuwa natazama waya. Ule wa kushoto. Mlango umekwama kwa chini, springi zinavuta kwa juu, na Romanus alizikaza, kwa hiyo waya ulikuwa umenyooka mpaka unatetemeka. Nikaona uzi mmoja unafunguka wenyewe, unajizungusha kama mkia wa kinyonga. Halafu mwingine. Kwa mvua ile hakukuwa na sauti yoyote. Grisi ilikuwa imenyamazisha kila kitu.

Sikufikiri. Ningefikiri ningeshika komeo tena.

Nikatoka kwenye mvua, kichwa wazi, nikamtazama mtu yule na kumwita kwa jina lake.

"Parsimei! Toka hapo!"

Alitoka. Hakusema subiri. Aliruka kinyumenyume kama mtu aliyeona nyoka, akaangukia makalio kwenye matope, akanikodolea macho, maana katika dunia yake yote hilo ni neno ambalo halikutakiwa kutoka kwenye kinywa kile. Na alipokuwa bado ananitazama, waya ukakatika. Ulipiga reli mlio mmoja kama bunduki. Upande wa kushoto ukashuka, mlango ukapinda, wa kulia nao ukafuata, wote ukaja chini. Mpini wa jembe ulikuwa pale alipokuwa ameinamisha mgongo. Ulikatika vipande viwili.

Mtoto mgongoni alikuwa amelala.

Halafu nikajiona nilivyo. Sina kitambaa kichwani, kitenge kimefunguka, namtazama mkwe wangu machoni, na jina lake limeshatoka, majirani wote wamelisikia. Nikaingia chumbani nikafunga. Nimefunga mpaka sasa. Nasieku amegonga, nimemwambia aniletee mtoto tu akilia.

27 Aprili

Sijatoka.

28 Aprili

Nimemwambia Nasieku kesho naondoka. Nimevunja kitu ambacho mama yangu hakuvunja, wala mama yake. Nasieku, huyu wa kupunguza maneno, akasimama pale na mikono kiunoni, kama mimi kabisa, akasema, "Yeyo, usiondoke. Ungelinda adabu, leo ningekuwa mjane."

Hakupunguza hata moja. Sijafunga mzigo.

30 Aprili

Baba Nanyori hakulala nyumbani. Nasieku anasema amekwenda kwa wazee wa ukoo wake, hajasema kwa nini. Mimi najua. Amekwenda kuuliza mtu anakaaje na mama mkwe aliyemwita jina mbele za watu. Watamwambia anirudishe kwetu. Haki yao.

2 Mei

Mvua imepungua. Nimeamka na kumkuta kondoo.

Kondoo jike, mweupe, mnene, mkia mzito. Amefungwa kwenye gogo langu la mkaratusi, na gogo limechimbiwa chini na kushindiliwa mawe kando ya banda la gari, wima, halitaelea tena. Uani hakuna mtu.

Nimekaa kwenye kizingiti nikamtazama muda mrefu. Kwetu mtu akikupa kondoo, jina lake na lako yanawekwa kando. Mnaitana Paker, yeye kwako na wewe kwake, mpaka mmoja afe. Ni jina la yule kondoo mliyepeana. Ukishaitana hivyo kinywa kina njia ya kupita. Wazee wake hawakusema anirudishe. Walimwambia anipe njia.

Nanyori akaja akauliza koko unalia? Nikamwambia moshi. Akasema jiko halijawashwa. Sikio lile, iko siku litabaki mkononi mwangu.

3 Mei

Nimemkamua maziwa kidogo. Mzuri.

9 Mei

Mlango bado uko chini, umepinda, watu waliuinua kwa mikono mara moja tu gari litoke, sasa linalala nje chini ya turubai. Romanus alikuja kuangalia. Nimesimama nyuma ya ukuta wa jikoni, mahali ambapo Baba Nanyori hanioni na Romanus ananisikia vizuri sana. Lile neno nililokuwa nimemwekea nimemwambia. Ameondoka bila kunywa chai.

16 Mei

Leo jua limetoka na mlima umejionyesha mpaka kileleni.

Nilikuwa jikoni nachambua mchicha. Nikasikia kikohozi upande wa pili wa ukuta, cha mtu anayetaka nijue yupo. Nikafikiri amekwenda. Halafu akasema, kwa sauti nzito inayotetemeka kidogo kama ya mvulana anayesoma somo kanisani mara ya kwanza:

"Paker. Waya mpya umefika. Fundi mwingine anakuja mchana. Nimeuweka kwenye kigoda hapo nje. Uangalie kwanza."

Nyayo zikaondoka, akakaa kando, mgongo kwangu, anatazama mlima.

Nikajifunga kitambaa vizuri, nikatoka. Nikauchukua, nikaukunja, nikaupitisha kwenye vidole wote, mwanzo mpaka mwisho, nikautazama kwenye jua. Kazi ile niliifanya taratibu, mtu asije akasema nimefurahi.

"Paker," nikamwambia ule mgongo, "huu mwembamba. Rudisha, lete mnene."

Amechukua funguo za gari, amekwenda kuubadilisha.